Akaunti ya benki kwa kijana wa Kigoma: ipi inakula kidogo?

Tuanze na jibu, kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini. Kijana wa Kigoma ambaye kipato chake hakiji tarehe ileile kila mwezi achukue akaunti isiyo na makato ya mwezi, hata kama kila anapotoa pesa anakatwa kidogo. Mwenye ajira na mshahara usiokosa anaweza kuishi na akaunti ya kawaida ya akiba. Akaunti ya hundi aiache kwa wenye kampuni. Na kadi, ambayo kila mtu huikimbilia siku ya kwanza, wengi hawaihitaji mpaka watakapoanza kutoa zaidi ya laki moja kwa mkupuo.

Akaunti tumezipitia kwa aina zake, hatukuzipanga kwa majina ya benki. Benki moja huwa na akaunti nne, tano au zaidi, na mara nyingi makato ya akaunti mbili za benki ileile yanapishana kuliko ya benki mbili tofauti. Mjini Kigoma utazikuta NMB, CRDB, NBC na TCB, ile iliyokuwa Benki ya Posta. Swali la "benki gani nzuri" halina jibu la maana mpaka useme ni akaunti gani, na pesa yako inaingia na kutoka vipi.

Bei tunazotumia kwenye hesabu hapa chini ni za mfano tu, maana bei hubadilika. Njia ya hesabu ndiyo ya kuibeba: weka pale bei iliyobandikwa ukutani kwenye tawi lako, kisha piga upya.

Pesa ya ziwa na makato ya mwezi

Huku kwetu pesa hufuata mwezi wa angani. Giza likiwepo vyombo vinaingia Ziwa Tanganyika na taa, dagaa wanashuka Kibirizi na Katonga, na pesa inazunguka hadi kwa mama lishe na bodaboda wa Mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, kazi inalala siku kadhaa. Mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na mchuuzi wa dagaa aliyekuwa na akaunti ya makato ya mwezi aliendelea kukatwa muda wote huo kana kwamba anauza.

Hapo ndipo vijana wengi wanapoumia bila kujua. Ada ya kuendesha akaunti haisubiri uwe na pesa. Tuseme ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Umeacha 4,000 kwenye akaunti mwezi wa tano. Mwezi wa sita inabaki 2,500, wa saba 1,000. Wa nane mfumo unakata ile 1,000 na kuandika deni la 500, au unaandika 1,500 yote kama deni, kutegemea benki. Akaunti ikikaa tupu mwaka mzima, deni linafika 18,000. Siku mtu anakutumia 50,000, simu inaonyesha zimeingia 50,000, unafungua salio unakuta 32,000. Hakuna aliyekuibia. Mfumo umejilipa madeni yake kwanza, kwa haki waliyoiandika kwenye fomu uliyosaini.

Ukiomba taarifa ya akaunti ya miezi hiyo utayaona makato hayo yakiwa yamepangana: mstari wa ada ya mwezi, chini yake mstari mdogo wa ushuru wa bidhaa, chini yake VAT, kisha mwezi unaofuata vilevile. Hiyo mistari miwili midogo watu huiruka. Ada za benki zinabeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo ada iliyoandikwa 1,000 bila kodi inakutoka karibu 1,300. Karatasi ya bei huwa na maandishi madogo chini kabisa yanayosema kama bei zimejumuisha kodi au la. Anza kusoma kutoka chini.

Akaunti nyepesi za simu na NIDA

Hizi ndizo tunazozipa alama ya juu kwa kijana anayeanza, nne kwa tano. Ni akaunti zinazofunguliwa kwa namba ya NIDA na laini ya simu, aghalabu kwa wakala au kwa simu yako mwenyewe, bila picha za paspoti na bila foleni. NMB wana Pesa Akaunti, iliyozinduliwa kwa kiwango cha kuanzia cha shilingi 1,000. CRDB wana SimAccount. Menyu zao zinafunguka kwenye kitochi bila intaneti: *150*66# kwa NMB Mkononi na *150*03# kwa SimBanking ya CRDB. Kwa kijana wa Kalya au Kagunga, ambako kufika tawini ni safari ya boti, hili pekee linatosha kuamua.

Alama moja tumeitoa kwa sababu ya ukomo. Akaunti iliyofunguliwa kwa taarifa chache huwekewa kikomo cha kiasi unachoweza kukaa nacho au kupitisha kwa siku. Kwa akiba ya kawaida hutakiona kikomo hicho. Ukianza kununua mawese ya mamilioni Simbo na kuyapeleka bara, utakigonga, na kitagonga siku mbaya, mteja akiwa amekwisha kutuma pesa na muamala umerudi. Uliza kikomo siku ya kufungua, na uliza kinachotakiwa ili kipandishwe. Kwa kawaida ni kwenda tawini na kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na maelezo ya shughuli unayofanya. Fanya hivyo kipindi cha mbalamwezi, wakati huna haraka.

Akaunti ya akiba ya kawaida

Tatu kwa tano, na mbili kama huna mshahara. Inakuja na kadi, kikomo kikubwa na jina la heshima: "akiba". Hilo jina ndilo linalopoteza watu. Chukua riba ya mfano ya asilimia 2 kwa mwaka. Umeweka 200,000 na hukuigusa. Riba ni 4,000, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, inabaki 3,600. Ada ya mwezi ya 1,500 kwa miezi 12 ni 18,000. Umeweka laki mbili, mwaka umeisha una 185,600. Zaidi ya hapo, akaunti nyingi za aina hii hazilipi riba kabisa mpaka salio livuke kiwango fulani, kwa hiyo hata ile 3,600 inaweza isije.

Kuna na salio la chini, pesa inayokaa humo na huwezi kuitoa. Si ada, ni yako, lakini kwa mtu mwenye mtaji wa 60,000 wa kuuza karanga, kufungiwa 10,000 ni kupoteza sehemu ya sita ya mtaji. Ukilinganisha akaunti mbili, moja ina salio la chini la 10,000 bila ada ya mwezi, nyingine haina salio la chini lakini inakata 1,500 kila mwezi, chukua ya kwanza bila kufikiri sana. Ile 10,000 utarudishiwa siku ya kufunga akaunti.

Kama lengo ni pesa izae, akaunti ya akiba si mahali pake. Kuna amana za muda maalumu kwenye benki hizohizo, na kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ambayo kijana anaweza kuanza nayo kwa kiasi kidogo. Akaunti ya benki ichukulie kuwa mlango wa kupitishia pesa, na mlango mzuri ni ule usiotoza kiingilio kila mwezi.

Mwanachuo na bumu

Anayetoka Kasulu au Kibondo kwenda chuo Dodoma au Dar es Salaam aulizie akaunti ya wanafunzi kabla hajakubali nyingine yoyote. NMB, kwa mfano, wana Akaunti ya Mwanachuo. Na walio chini ya umri, wa miaka 13 hadi 17, wana Chipukizi. Sifa ya akaunti za wanafunzi ni makato mepesi. Ubaya wake ni kwamba hazidumu: ukimaliza chuo, au ukifika umri ulioandikwa kwenye masharti, akaunti inahamishwa kwenda kundi la kawaida, na makato ya mwezi yanaanza kimyakimya. Ujumbe wa kukutaarifu unaweza kuja kwenye laini uliyoitupa mwaka wa pili.

Sasa hesabu ya bumu, maana hapa ndipo vijana wanapopoteza pesa nyingi kuliko ada ya mwezi. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kufikia shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 ni 600,000. Mwanafunzi anayetoa 20,000 kila anapoishiwa ataenda ATM mara 30. Kwa makato ya mfano ya 1,300 kila akitoa, amelipa 39,000, yaani posho ya karibu siku nne. Anayetoa 100,000 mara sita analipa 7,800. Akaunti ni ileile na kadi ni ileile. Tofauti ya 31,200 imetokana na mkono tu.

Wapo watakaosema wakitoa laki moja itaisha upesi, na wana hoja. Basi toa laki, bakiza 30,000 mfukoni, iliyobaki mpe mtu unayemwamini akushikie au iweke kwenye kikoba. Ni nafuu kuliko kumlipa ATM akulee.

ATM, wakala, na njia ya kupoteza mara mbili

Kanuni ya ATM na ya wakala hazifanani, na hili ndilo jambo moja ambalo mtu akilielewa vizuri anaokoa pesa mwaka mzima. ATM ya benki yako kwa kawaida hukata kiasi kilekile utoe 10,000 au utoe 400,000. Mashine nyingi hutoa hadi 400,000 kwa mkupuo, noti 40 za elfu kumi. Wakala hukata kwa ngazi: kiasi kikipanda, makato yanapanda. Kwa hiyo kutoa kidogo nenda kwa wakala, kutoa kingi nenda ATM, na mpaka kati ya hivyo viwili utaupata kwa kuchukua karatasi ya bei na kutafuta ngazi ya wakala ambayo makato yake yamelipita kato la ATM. Kwa bei za mfano tulizotumia, wakala akikata 800 kwa 20,000 na 1,800 kwa 100,000, mpaka uko katikati ya hapo. Uandike nyuma ya kadi.

Halafu kuna kugawanya. Umefika kwa wakala unataka 300,000, anakwambia hana noti za kutosha, tufanye mara tatu, laki laki. Ngazi ya 300,000 tuseme ni 3,500. Laki moja mara tatu ni 5,400. Umelipa 1,900 zaidi kwa pesa ileile. Wakati mwingine kweli noti zimemwishia, hasa asubuhi ya kushusha dagaa ambapo kila mtu Kibirizi anataka noti mkononi. Wakati mwingine ni kamisheni tu, maana kila muamala unamlipa. Jirani yake ana kibanda hatua kumi mbele. Msalimie kwa heshima, nenda huko.

Jambo jingine kwa wakala: makato hutoka kwenye akaunti yako yenyewe, kwa mfumo. Wakala akitaka umpe "elfu moja ya juu" mkononi, hiyo haipo kwenye bei ya benki. Vijijini watu huitoa kwa sababu wakala ni mmoja na pesa aliifuata mjini kwa boti. Ni makubaliano yenu, lakini ijue ni ya nini.

Njia ya kupoteza mara mbili ni hii: mtu ana pesa benki, anairusha kwenda M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, kisha anaitoa kwa wakala wa mtandao. Benki imekata kwa kurusha, mtandao umekata kwa kutoa, na juu yake kuna tozo ya serikali kwenye kutoa. Na mara nyingi kibanda kinachompa hizo noti kina mashine ya benki pembeni ya simu ya mitandao, angetoa moja kwa moja benki akakatwa mara moja. Kurusha kwenda kwenye simu kuna maana pale unapokwenda kulipia kitu kwa simu, au unapomtumia mtu asiye na akaunti. Kwa kuchukua noti, hapana.

Kuweka pesa kwa wakala wa benki kwa kawaida ni bure. Kutoka simu kwenda benki, mtandao wako ndio unaokata. Kwa hiyo bodaboda anayelipwa kwa simu siku nzima asirushe benki kila jioni elfu kumi kumi. Akusanye wiki, arushe mara moja.

Kutoka benki moja kwenda nyingine siku hizi pesa ndogo hupita TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, na ada yake ni ya chini ukilinganisha na TISS, ambao ni wa pesa kubwa. Ukijaza fomu tawini ya kuhamisha 150,000 bila kusema lolote, unaweza kupelekwa TISS na kulipa ada ya mfanyabiashara. Fanya mwenyewe kwenye simu. Menyu itakuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Lisome lote, maana muamala uliokwenda kwa jina jingine kurudi kwake ni kwa ridhaa ya aliyeupokea.

Kwa wanaovusha biashara ziwani, neno moja. CRDB ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012, na tangu 2023 iko Kongo pia, Lubumbashi. Ya Bujumbura inaweza kumsaidia mfanyabiashara wa Kigoma. Lubumbashi iko mbali mno na Kalemie na Uvira kumfaa mwenye mzigo wa boti.

Mistari midogo ya bei

Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikuonyeshe makato kabla hujasaini. Karatasi ipo, aghalabu imebandikwa karibu na dawati la huduma kwa wateja, herufi ndogo, safu mbili tatu. Usiisome yote. Tafuta ada ya mwezi, kutoa ATM ya benki yako, kutoa ATM ya benki nyingine, kadi mpya na kadi iliyopotea, ada ya mwaka ya kadi, kuangalia salio, na kufunga akaunti. Piga picha kwa simu. Mhudumu akisita, mwambie, "Dada, naomba tu nisome nyumbani kabla ya kusaini." Hakuna anayekataza.

ATM ya benki nyingine inastahili tahadhari ya pekee. Kato lake huwa kubwa, na kwenye bei za baadhi ya benki hata kuangalia salio tu, au muamala uliokataliwa kwa kukosa salio, unalipiwa. Mtu anajaribu 200,000, inakataa, anajaribu 150,000, inakataa, anajaribu 100,000, inatoka: huenda amelipia mara tatu. Angalia salio kwenye simu kabla ya kuingiza kadi. Benki kadhaa ndogo zinachangia mtandao wa Umoja Switch, na TCB ni mojawapo. Mwenye kadi yake atafute mashine yenye alama ya Umoja badala ya kwenda yoyote iliyo karibu.

Mashine ikikata pesa na noti zisitoke, ripoti kwenye benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya wengine. Peleka risiti, au kama haikutoka, andika saa, tarehe, mahali na kiasi. Mashine huhesabiwa na kulinganishwa na mfumo, ziada inaonekana, pesa inarudi. Kinachochelewesha ni mtu kwenda kugombana na benki yenye mashine, ambayo haina akaunti yake.

Kadi ya kulipia mtandaoni ina mtego wake: malipo ya programu za muziki na filamu hujirudia kila mwezi, kwa dola, na benki inabadilisha kwa bei yake pamoja na ada. Ukimaliza kutumia, sitisha kule ulikojiunga. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo.

Majina, na kwa nini pesa inagoma kuingia

Kufungua kwenyewe ni kazi ya nusu saa kama vitu vitatu vinasoma sawa: namba ya NIDA yenye tarakimu 20, laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako, na jina. Kimoja kikipinda, ndipo safari zinapoanza.

Kigoma ni mkoa wa mpakani na uhakiki wa uraia huchukua muda, kwa hiyo aliyefika miaka 18 asisubiri hadi apate barua ya chuo ndipo aanze NIDA. Namba hutangulia kitambulisho, na namba inatosha kufungua akaunti.

Laini ya kaka au ya mjomba haifai hata kama umeitumia miaka. Namba ya siri ikisahaulika, mwenye usajili ndiye atakayetakiwa, na akiwa Mpanda utakaa bila pesa. Piga *106# uone laini ulizosajiliwa wewe. Kama kuna usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe kabla ya kuunganisha benki.

Jina ndilo linaloumiza wanachuo. Cheti cha kidato cha nne kinasema majina mawili, NIDA matatu, au herufi moja imepishana, "Bukuru" na "Bukulu". Benki hufuata NIDA. Malipo yakitumwa kwa jina la cheti, mfumo unalinganisha, unakataa, na pesa inarudi ilikotoka bila wewe kuambiwa lolote. Rekebisha mapema, kwa mamlaka yenye kosa: kosa la NIDA linarekebishwa NIDA, na kama umebadili jina kweli, unahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina. Kuandika "ndiye huyohuyo" pembeni ya fomu hakusaidii.

Usalama wa pesa yenyewe

Hapa hatuna mengi. Benki yenye leseni imekatiwa bima ya amana. Ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa milioni 1.5, na ndio uliotumika Januari 2018 Benki Kuu ilipozifutia leseni benki tano ndogo kwa mpigo. Kwa kijana wa kipato cha kawaida, ukomo wa sasa unatosha.

Hatari ya kweli iko kwenye simu. "Ile pesa tuma kwenye namba hii" bado inakula watu, na sasa kuna wanaopiga wakijiita wahudumu wa benki na kuomba namba ya siri "ili kusitisha muamala". Benki haiombi namba ya siri, iwe kwa simu au dirishani.

Akaunti ya zamani usiyoitumia

Ukishahamia akaunti nyepesi, ile ya zamani usiiache ikilala. Ada itaendelea hadi mfumo uitangaze imelala, na kuiamsha kutakutaka tawini na kitambulisho, pengine na ada nyingine. Nenda na kadi, sitisha kwanza malipo yote yanayojirudia, hamisha mshahara au malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yaelekezwe kwenye akaunti mpya na usubiri yaingie huko angalau mara moja. Kisha jaza fomu ya kufunga, pokea salio la chini ulilofungiwa, na uombe karatasi yenye muhuri inayoonyesha akaunti imefungwa na haina deni. Kama tayari ina deni la ada zilizojilimbikiza, usilipe dirishani kwanza. Omba kuonana na meneja, mwandikie barua fupi ukieleza akaunti haikutumika tangu lini, na uombe ada za miezi hiyo zipunguzwe. Wana uwezo wa kuzifuta au kuzipunguza, ila hawafanyi hivyo kwa asiyeomba.